Boksi Lisilofunguliwa Si Akiba ya Mtoto

Julai 2023, simu ya iPhone ya toleo la kwanza kabisa, ya mwaka 2007, ambayo haikuwahi kutolewa kwenye nailoni yake ya kiwandani, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 190,372. Ilipoingia dukani bei yake ilikuwa dola 499. Tangu hapo, na kila mnada unapotangaza rekodi nyingine ya kadi, jarida la katuni au mchezo wa video, wazo lilelile huamka upya miongoni mwa wazazi: nunua leo kitu cha kawaida, usikifungue, kifiche kabatini, na mtoto akifikisha miaka 20 atakuta mtaji. Wapo wanaonunua vitu vya kuchezea viwiliviwili, kimoja cha mtoto na kingine cha kumwekea.

Habari hizo zinasomwa kinyumenyume. Kilichoipa ile simu bei yake si umri wala nailoni, bali ni kwamba karibu kila aliyeinunua aliifungua na kuitumia. Bidhaa ya kawaida hupanda thamani kwa sababu wengi waliitupa, waliivunja au waliitumia hadi ikaisha, na wanapoanza kuihifadhi kwa nia ya kuja kuiuza, sababu ya kupanda kwake inakufa. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumkusanyia mtoto ana njia moja tu yenye mantiki: aweke kile ambacho wenzake wanakitupa, kwa gharama iliyo karibu na sifuri, wala asikihesabu kwenye ada ya chuo. Njia inayopigiwa debe, ya kununua kwa bei ya dukani kitu ambacho tayari kinaitwa hazina, ndiyo mbovu kuliko zote.

Tazama vitu vilivyofikia bei za kushangaza vilipitia nini. Jarida la Action Comics namba 1, lililomtambulisha Superman mwaka 1938, liliuzwa senti 10. Zilichapwa nakala zipatazo 200,000, na zinazojulikana kubaki ni kama 100 hivi. Zilizopotea zilisomwa na watoto mpaka zikachanika, au zilitupwa na mama zao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia karatasi kuukuu zilikusanywa kwa wingi zikasagwa upya. Aprili 2024 nakala moja iliyosalimika ilipata dola milioni 6. Kadi za besiboli za Topps za mwaka 1952 zina kisa cha aina hiyo. Shehena iliyobaki bila kununuliwa ilijaza ghala hadi mwaka 1960, kampuni ilipoamua kuipakia kwenye tishari na kuimwaga Bahari ya Atlantiki. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya toleo hilo, ikiwa katika hali inayokaribia ukamilifu, iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Hata ile simu ina siri yake: ilikuwa ya gigabaiti 4, aina ambayo Apple iliiondoa sokoni baada ya miezi miwili hivi kwa kuwa wateja walipendelea ile ya gigabaiti 8. Februari ya mwaka huohuo wa 2023, ya gigabaiti 8 iliyofungwa vilevile ilipata dola 63,356, yaani theluthi moja ya bei ya mwenzake. Nailoni ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni wingi.

Sasa tazama kinachotokea watu wote wanapoerevuka kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliosikia habari za majarida ya kale walianza kununua mapya kwa maboksi. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 iliuza nakala zaidi ya milioni 8, ikiwa na majalada matano tofauti ili mnunuzi mmoja achukue yote. Superman namba 75 ya Novemba 1992, ambamo shujaa huyo anauawa, ilikuwa na toleo la kukusanywa lililotoka ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, na kwa jumla ikauza zaidi ya milioni 6. Kufikia Desemba 1996 Marvel, kampuni inayochapisha X-Men, ilikuwa mahakamani ikiomba hifadhi ya muflisi, na majarida hayo, pamoja na umaarufu wake, bado yanapatikana kwa bei ndogo kwa sababu yamejaa kila mahali, tena safi kabisa. Yaleyale yaliwapata wanasesere wa Beanie Babies mwishoni mwa muongo huo: lebo zilivalishwa vifuniko vya plastiki, kabati zikajaa, na wauzaji walipojitokeza wote kwa mpigo hapakuwa na wa kununua. Kadi za Pokémon nazo, kufikia Machi 2024, zilikuwa zimechapwa zaidi ya bilioni 64 tangu zianze, karibu bilioni 12 kati ya hizo katika mwaka mmoja wa mwisho. Zile za miaka ya mwanzo, ambazo watoto walizikunja na kuzitia mfukoni, zina thamani yake. Za leo zinatoka kwenye pakiti na kuingia moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki, mikononi mwa watu wazima waliokwisha kusoma bei za mnadani.

Hesabu ndiyo sehemu ambayo waenezaji wa wazo hili huikwepa, kwa hiyo tuifanye polepole. Fedha 100 zilizowekwa mahali zinapopata asilimia 5 kwa mwaka, riba ikizaa riba, huwa 241 baada ya miaka 18 na 552 baada ya miaka 35. Kitu kilichonunuliwa kwa 100 hakizai chochote njiani, na siku ya kukiuza dalali au jukwaa la mauzo litakata sehemu yake. Tuchukue asilimia 15, kiwango ambacho si cha juu. Ili kikupe 552 mkononi, lazima mnunuzi akubali kulipa takriban 649. Hapo hatujagusa nafasi kilipokaa, mifuko na maboksi ya kuhifadhia, bima, wala gharama ya kukisafirisha. Na hayo ni kwa kitu kilichofanikiwa. Mkusanyaji mwenye vitu 10 vya 100 kila kimoja, tisa vikienda kwa nusu ya bei ya kununulia, atahitaji kile cha kumi kiuzwe kwa zaidi ya 6,000, yaani mara 60, ili tu, baada ya miaka 35 na makato yaleyale, alingane na mwenzake aliyeweka fedha zake na kuendelea na shughuli nyingine. Wapo wanaopata mara 60, na ndio tunaowasoma kwenye habari. Hata mfano wa simu unaumbuka hapa: aliyetumia zile dola 499 kununua hisa za Apple siku simu ilipotoka, alikuwa na zaidi ya mara 40 ya fedha zake kufikia Julai 2023, na hakuhitaji kubahatisha kama ni ya gigabaiti 4 au 8. Kila hisa ilipanda sawa na nyingine.

Upande wa pili una hoja, tena zenye uzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya seti za LEGO, vile vipande vya plastiki vya watoto kujengea. Utafiti wa wanauchumi wa Urusi uliofuatilia seti zaidi ya 2,000 za miaka ya 1987 hadi 2015 uliona kwamba zile zilizouzwa zikiwa mpya, baada ya kiwanda kuacha kuzitengeneza, zilileta wastani wa angalau asilimia 11 kwa mwaka. Hilo si jambo la kupuuza, na sababu zake zinaeleweka: plastiki yake ni ngumu na haiharibiki upesi, kila seti ina siku ya kustaafishwa, seti nyingi zinazonunuliwa hufunguliwa na vipande kuchanganyika, na watu wazima wenye kipato wanazitafuta. Lakini wastani unaficha mtawanyiko mkubwa, kwani zipo zilizoshuka bei na zipo zilizoruka kupita kiasi. Seti 200 zinahitaji chumba, si rafu. Tena data zinaishia 2015, kabla kila mzazi hajasikia matokeo hayo. Utafiti unaosema kitu fulani kinalipa ni tangazo pia, na wanaolisoma huenda kukinunua na kukihifadhi.

Hoja ya pili inahusu nidhamu: vitu havitumiki ovyo kama fedha, kwa hiyo mzazi asiyeweza kuweka akiba benki atajikuta ameweka kitu. Nakubali nusu. Ni kweli boksi haliondoki na shida ya mwezi, lakini haliondoki pia shida ikiwa ya kweli, maana kukiuza kitu cha kukusanya kwa haraka ni kukubali nusu ya bei au chini yake. Hoja ya tatu ni ya sarafu, na hapo kuna mantiki safi kuliko kwingineko. Sarafu za Marekani za senti 10 na 25 za kabla ya 1965 zilikuwa na asilimia 90 ya fedha halisi, yaani madini yenyewe. Zilizofuata zikawa za shaba na nikeli. Aliyezichambua kutoka kwenye chenji alipata madini kwa thamani iliyoandikwa juu ya sarafu, na kama asingepata faida, angalau angeitumia sarafu dukani. Ndiyo maana mfano huu haurudiwi kirahisi: serikali zilizoona madini yanazidi thamani ya sarafu zilibadili mchanganyiko.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika zaidi, ni kwamba kitu kikikaa muda mrefu lazima kipande. Stempu ya Penny Black, ya kwanza duniani, ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Ina zaidi ya miaka 180, lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68 na zilizobaki ni nyingi kiasi kwamba iliyotumika na yenye kasoro huuzwa kwa bei ambayo mkusanyaji wa kawaida anaimudu. Sarafu ndogo za shaba za Kirumi zina karne 16 na zaidi, na zilizochakaa huuzwa kwa mafungu. Hata uhaba wa mwisho kabisa hauleti hakika. Stempu ya British Guiana (Guyana ya leo) ya senti 1 ya mwaka 1856, ambayo inajulikana moja tu duniani, ilinunuliwa kwa dola milioni 9.48 mwaka 2014 na kuuzwa kwa dola milioni 8.3 mwaka 2021. Miaka saba, kitu pekee cha aina yake, hasara ya zaidi ya dola milioni moja.

Kilichobadilika kati ya mauzo hayo mawili hakikuwa kwenye karatasi ile. Bei ya kitu cha kukusanya hutegemea walio hai wanaokitamani, na hapa ndipo hesabu ya miaka ya wazazi wengi inapopotoka. Watu hununua utoto wao. Huanza wakiwa na kipato cha kutosha, yaani miaka ya thelathini na mitano hadi hamsini na kitu, kisha hupungua, na wanapofariki makusanyo yao hurudi sokoni yote kwa pamoja. Hivyo ndivyo sahani za ukumbusho na vikombe vya kauri vilivyoporomoka: waliovipenda walizeeka, watoto wao hawakuwa na kabati la kuvipanga wala hamu navyo. Kinachofuata ni kwamba kitu kinachotengenezwa mwaka mtoto anapozaliwa hakina soko lake mtoto huyo akiwa na miaka 18. Wanaokikumbuka ni rika lake, na rika lake wakati huo halina fedha. Soko hilo, likitokea, litakuja baada ya miaka 35 hadi 45. Kwa upande wa pili, mzazi anayehifadhi vitu vya utoto wake mwenyewe na kupanga kuviuza mtoto akimaliza chuo, huenda akawa anaviweka wakati ambao wanunuzi wake wapo sokoni na kuvitoa wakishapungua. Cha utoto wako, kama kina bei leo, kiuze leo na fedha zake ziingie kwenye akaunti ya mtoto.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza. Plastiki, karatasi na mpira ni vitu vyenye kemia yake, na boksi kufungwa hakuisimamishi. Soli za raba za poliyurethani hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjikavunjika kama mkate mkavu baada ya miaka kumi hivi, hata kama kiatu hakijavaliwa mara moja, tena kiatu kilichovaliwa mara kwa mara mara nyingi huishi zaidi ya kilichofungiwa. Wanasesere wa PVC hutoa kilainishi kilichomo ndani yao, wakawa wanata, na wakigusana na plastiki ngumu huiachia alama isiyofutika. Plastiki nyeupe na ya kijivu ya mashine za zamani hugeuka njano ikipigwa na mwanga. Betri za kawaida huvuja alkali inayokula vibati vya chuma, na betri ya lithiamu iliyoachwa tupu ndani ya simu iliyofungwa inaweza kuvimba mpaka ikasukuma kioo. Hapo mwenye nayo hana pa kutokea: akifungua boksi atoe betri, ameua ile bei ya kitu kisichofunguliwa; asipofungua, anauza boksi lenye bomu dogo. Kwa kitu chochote cha umeme ambacho hakijafungwa kiwandani, toa betri siku hiyohiyo na uandike umeitoa lini.

Karatasi zina adui wake. Magazeti na majarida ya bei nafuu yamejaa lignini, ambayo hugeuza karatasi kuwa ya kahawia na yenye kukatika, kwa hiyo yawekwe kwenye mifuko ya poliesta au polipropilini yenye kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya plastiki mpya, isikaribie stempu, picha wala sarafu. Kwenye sarafu huacha utando wa kijani unaonata na unaokula chuma. Mpira wa kufungia huyeyuka na kuganda kwenye karatasi. Klipu huota kutu. Selotepu huacha doa la njano hata ikibanduka. Joto lisizidi nyuzi 21 hivi, unyevunyevu ubaki kati ya asilimia 35 na 50, na kilicho muhimu kuliko namba zenyewe ni kutobadilikabadilika, maana kupanuka na kusinyaa kila siku ndiko kunakopasua rangi na gundi. Ndiyo sababu darini na gereji ni sehemu mbaya kuliko zote, nazo ndizo zinazotumika zaidi. Weka ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa nje na mabomba, juu ya sakafu kwa angalau sentimita 10. Beseni la plastiki lenye mfuniko wa kubana linasaidia dhidi ya mende na wadudu wa karatasi, lakini likifungwa siku ya unyevu linahifadhi unyevu huo pia; pakiti za silika ndani yake zinahitaji kukaushwa au kubadilishwa, kwa kuwa zikishajaa hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kukupa matumaini. Fungua angalau mara mbili kwa mwaka na unuse. Harufu ya siki kwenye negativu za picha au filamu ina maana zimeanza kuoza, na mvuke wake unaozesha za jirani, kwa hiyo zitenge. Na sarafu isisafishwe kamwe. Si kwa sabuni, si kwa limau, si kwa dawa ya meno: wanunuzi huitambua iliyosuguliwa kwa kuitazama tu, na thamani yake huanguka hapohapo.

Tuseme kitu kimesalimika. Bado kinahitaji kuthibitishwa. Mashine ya kufunga kwa nailoni ya joto hainunuliwi kwa bei kubwa, na wenye hila hufunga upya maboksi yaliyokwisha kufunguliwa, wakati mwingine yakiwa na mawe ndani. Mnunuzi wa miaka ya baadaye atauliza: una nini cha kuonyesha kwamba hili halijaguswa tangu dukani? Jibu ni risiti, lakini risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto inayofifia ndani ya miaka michache na kubaki ukurasa mweupe. Piga nakala kwenye karatasi nzuri siku ileile, piga picha ya kitu na risiti pamoja, kisha nakili namba ya mfululizo. Kampuni za kupanga vitu madaraja ya ubora, zinazotumia kipimo cha 1 hadi 10 kwa kadi na 1 hadi 70 kwa sarafu, zinaondoa sehemu ya shaka hiyo, lakini zina ada, zina foleni, na tofauti kati ya kadi ya daraja la 9 na la 10, ambayo jicho la kawaida halioni, inaweza kuwa mara kadhaa ya bei. Mnamo Machi 2021 PSA, mojawapo ya kampuni hizo, ilisimamisha huduma zake za bei nafuu kwa sababu kadi zilizorundikana kusubiri zilikuwa nyingi kuliko uwezo wake. Mlundikano ule ulikuwa taarifa kwa aliyejua kuusoma: vitu vilivyopangwa daraja la juu vilikuwa vinakaribia kuwa vya kawaida. Usipeleke kitu kupangwa daraja isipokuwa bei unayotarajia ni mara tano au zaidi ya ada yote, usafiri ukiwemo.

Kama baada ya haya yote bado mzazi anataka kukusanya, na si wazo baya likishavuliwa ndoto ya utajiri, aanze na vinavyokuja bure. Vijitabu vya maelekezo, maboksi matupu, katalogi za maduka, matangazo, tiketi, vibandiko, daftari na vifungashio vya bidhaa za watoto: hivi ndivyo hutupwa na kila mtu, na ndivyo hukosekana miaka 40 baadaye mtu anapotaka kuikamilisha mashine yake ya zamani. Kwenye michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990, boksi la karatasi na kijitabu vikiwa salama mara nyingi vina bei kubwa kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu mchezo ulikuwa wa plastiki na boksi lilichanwa siku ya kwanza. Fuata pia bidhaa zilizoshindwa. Kilichouzika vibaya na kuondolewa haraka, kama ile simu ya gigabaiti 4, kina nakala chache kuliko kilichopendwa. Kikwepe chochote kinachojitambulisha chenyewe kuwa toleo maalumu la kukusanya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na maneno 'idadi maalumu' yasiyofuatana na namba kamili yanaweza kumaanisha idadi yoyote kiwanda kilichopenda.

Jiwekee mipaka mapema: boksi moja la ukubwa wa karatasi za ofisi kwa kila mtoto kwa mwaka linatosha, na fedha zinazotumika zisizidi asilimia 5 ya kile unachomwekea kwenye akiba ya kweli. Ukiona akiba ya kweli ni sifuri, asilimia 5 ya sifuri unaijua. Na usijifunge na ahadi ya miaka. Neno 'nimemwekea mtoto' limewagharimu wengi kilele cha soko. Waliokuwa na Beanie Babies wa bei mwaka 1998 walikuwa na nafasi ya kuuza, wakasubiri watoto wakue. Kitu kikifika mara kumi ya gharama yake kabla ya wakati, uza angalau nusu.

Kilichobaki ni daftari, na bila hilo yote ya juu ni bure. Mrithi asiyejua alichonacho hulipa mtu wa kumwondolea takataka, au humpa mnunuzi wa kwanza aliyebisha hodi. Kila kitu kiandikwe jina kamili, namba ya toleo, tarehe na bei ya kununulia, hali yake, kasoro zake, kimewekwa wapi, kisifanyiwe nini, na huuzwa kwa watu wa aina gani. Kwenye mfuko au boksi la karatasi andika kwa penseli, si kalamu ya wino. Picha za kila kitu zikae mahali pengine tofauti na vitu vyenyewe, na nakala yake umpe kampuni ya bima baada ya kuuliza kwa maandishi kama sera ya nyumba inagusa makusanyo, maana nyingi huyawekea ukomo mdogo au hazigusi kabisa. Watoto wakiwa zaidi ya mmoja, andika pia ni nini kisigawanywe. Seti iliyokamilika ya vipande 40 ina bei yake; ikikatwa katikati, kila upande hubaki na vipande 20 ambavyo vinauzwa kimojakimoja, na jumla ya pande zote mbili haifikii ile ya mwanzo. Mwaka 1999, wanandoa waliotalikiana walichuchumaa kwenye sakafu ya mahakama Las Vegas, mbele ya jaji, wakigawana wanasesere wao wa Beanie Babies mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye rundo. Kwao ilikuwa mali ya kugombaniwa. Wale wanasesere leo hununuliwa kwa mafungu.